Wanaomchagua mbeba mpira mapema si wanaomfaidi

Aprili 26, 2018, katika uwanja wa Dallas Cowboys mjini Arlington, Texas, klabu ya New York Giants ilimtaja Saquon Barkley kuwa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika drafti ya mwaka huo. Siku mbili baadaye, wakati watazamaji wengi walishazima televisheni, Philadelphia Eagles walitumia nafasi ya 233 kumchukua Jordan Mailata, kijana wa Sydney mwenye asili ya Samoa, mrefu wa zaidi ya mita mbili, aliyekulia kwenye raga na ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Barkley ni mbeba mpira, nafasi ambayo wenyewe huiita raningibeki. Mailata aliwekwa kwenye ukuta wa mbele, miongoni mwa wale mapande matano ya watu ambao kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili mwenzao apite.

Ilipita miaka sita kabla wawili hao hawajavaa jezi moja. Msimu wa 2024, akiwa Philadelphia, Barkley alikimbia yadi 2,005, zaidi kidogo ya kilomita 1.8, akawa mtu wa tisa katika historia ya ligi ya NFL kufikisha yadi 2,000 kwa msimu mmoja. Februari 9, 2025, siku aliyotimiza miaka 28, Eagles waliichapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Giants, waliomchagua na kumlea, walimaliza msimu huohuo na ushindi wa mechi 3 kati ya 17.

Kila mwaka, majira ya drafti yanapokaribia, swali lilelile huwagawa mashabiki na mameneja: je, ni busara kutumia nafasi ya juu kumchukua mbeba mpira? Kambi moja inasema wabeba mpira wako tele, mmoja akiondoka unamwita mwingine. Kambi ya pili inasema kipaji ni kipaji, ukikiona kichukue. Nakubaliana na kambi ya pili kuhusu mtu mwenyewe. Barkley si wa kuokotwa popote. Hata hivyo naamini klabu iliyo juu kwenye foleni ya drafti, mara nyingi, inapaswa kumwacha apite, na sababu yangu haihusu miguu yake. Inahusu nyumba anayopelekwa.

Huku kwetu Simba na Yanga wakimtaka mchezaji hupanda dau, na mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Drafti imepanga karamu kinyume kwa makusudi: timu iliyoshika mkia huchagua ya kwanza, bingwa huchagua wa mwisho, timu 32 kwa raundi saba. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936, na mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa mbeba mpira. Eagles waliomchagua hawakuelewana naye kuhusu malipo, wakauza haki zake kwa Chicago Bears, nao hawakuelewana naye. Berwanger hakucheza NFL hata siku moja.

Nia ya utaratibu huo ni njema, kuwainua wanyonge. Kwa mbeba mpira, hata hivyo, ndani yake kuna mtego. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee yadi kumi. Kotabeki, anayeongoza mashambulizi, huukabidhi mpira kwa mbeba mpira, na kufumba na kufumbua mambo yameshaamuliwa: ama ukuta umefungua mlango, ama mlango haupo. Mkimbiaji hodari atamkwepa beki mmoja, pengine wawili. Beki anayemfikia pamoja na mpira hawezi kumkwepa, awe nani. Kotabeki mzuri huficha udhaifu wa ukuta kwa kuuachia mpira haraka. Beki wa pembeni anaweza kung'ara akimshinda mtu mmoja tu aliye mbele yake. Mbeba mpira anawategemea watu watano kwa pamoja, na mmoja akiteleza, safari yake imekwisha kabla haijaanza.

Sasa fikiria ni klabu gani hushika nafasi ya pili, ya tatu au ya nne. Ni ile ambayo ukuta wake umebomoka, kotabeki wake amezeeka au hayupo, na mechi nyingi kufikia robo ya tatu imeshaachwa mbali kiasi kwamba haina budi kurusha mpira kila mara ili ifukuzie pointi. Mtu ambaye thamani yake huonekana pale mengine yote yanapokuwa tayari hupelekwa mahali ambapo hakuna lililo tayari.

Giants wa 2018 ni mfano kamili. Msimu uliotangulia walikuwa wamepoteza mechi 13 kati ya 16. Kotabeki wao, Eli Manning, alikuwa na miaka 37. Meneja mkuu, Dave Gettleman, aliyaita mazungumzo ya thamani ya nafasi uwanjani kuwa ni upuuzi, akamchukua Barkley. Na Barkley hakumwangusha: msimu wake wa kwanza alikusanya yadi 2,028 kwa kukimbia na kupokea pasi, akatajwa mchezaji chipukizi bora wa upande wa mashambulizi. Timu ikashinda mechi 5. Mwaka uliofuata ikashinda 4. Septemba 2020 kano ya goti lake ilikatika mjini Chicago, msimu ukaishia hapo. Katika miaka sita aliyokaa New York, Giants walifika hatua ya mtoano mara moja tu. Katika drafti ileile ya 2018, Josh Allen alichukuliwa wa 7 na Lamar Jackson wa 32. Hao wawili baadaye walitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, Jackson mara mbili.

Ni kweli kwamba makotabeki pia hushindwa. Josh Rosen, wa 10 mwaka ule, alipotea kabisa. Lakini kubahatisha kotabeki ni kubahatisha kitu kinachoweza kuibeba klabu kwa miaka kumi na tano. Mbeba mpira, hata ukimpatia vilivyo, hukupa miaka minne au mitano ya ubora wake, na ikiwa miaka hiyo ndiyo unayotumia kujenga ukuta, anachakaa huku nyumba haijaezekwa.

Anayechuma matunda, basi, ni nani? Ukifuatilia historia utaona jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mara nyingi mbeba mpira aliyechaguliwa mapema hunufaisha nyumba ya pili. Marshall Faulk alichaguliwa wa pili na Indianapolis Colts mwaka 1994. Mwaka 1999 walimwachia aende St. Louis Rams kwa nafasi za raundi ya pili na ya tano, na msimu uleule Rams wakawa mabingwa. Marshawn Lynch alichaguliwa wa 12 na Buffalo Bills mwaka 2007, akauzwa Seattle Oktoba 2010 kwa bei ndogo mno, na Februari 2014 akawa bingwa. Leonard Fournette alikuwa wa 4 mwaka 2017 kwa Jacksonville Jaguars. Walimtema Agosti 2020, na miezi michache baadaye alifunga katika Super Bowl ambayo Tampa Bay Buccaneers walishinda. Nafasi ya Fournette huko Jacksonville ilichukuliwa na James Robinson, ambaye hakuna klabu iliyomtaja katika raundi zote saba. Alikimbia yadi 1,070 msimu huo.

Christian McCaffrey naye. Carolina Panthers walimchukua wa 8 mwaka 2017. Mwaka 2019 alipata yadi zaidi ya 1,000 kwa kukimbia na zaidi ya 1,000 kwa kupokea pasi, jambo lililokuwa limefanywa na watu wawili tu kabla yake, na Panthers wakapoteza mechi 11 kati ya 16. Nadhani hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo: mtu anacheza msimu adimu kuliko karibu yote ya nafasi yake, na timu yake iko chini palepale. Oktoba 2022 alipelekwa San Francisco. Msimu wa 2023 alikuwa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi na timu yake ikafika Super Bowl.

Sisi tunaoamka saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kuitazama fainali hiyo kutoka Afrika Mashariki tulimwona McCaffrey akishindwa na Chiefs katika muda wa nyongeza, Februari 2024. Mbeba mpira wa Chiefs alikuwa Isiah Pacheco, aliyechaguliwa wa 251 mwaka 2022, karibu kabisa na mwisho wa raundi ya saba. Na Chiefs haohao mwaka 2020 walikuwa wametumia nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, kumchukua mbeba mpira mwingine, Clyde Edwards-Helaire. Pacheco ndiye aliyempokonya kazi. Februari 2026 Kenneth Walker wa Seattle Seahawks alitajwa mchezaji bora wa Super Bowl, mbeba mpira wa kwanza kupata heshima hiyo tangu Terrell Davis wa Denver Broncos mwaka 1998. Walker alichaguliwa wa 41. Davis alichaguliwa wa 196.

Nisieleweke kwamba kununua mbeba mpira aliyekwisha kuchaguliwa na wengine ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2012 Cleveland Browns walitoa nafasi tatu za nyongeza ili tu wasogee kutoka ya nne hadi ya tatu na kumchukua Trent Richardson. Baada ya msimu mmoja na mechi mbili wakamuuza kwa Colts kwa nafasi ya raundi ya kwanza. Colts wa mwaka huo ndio waliomsajili Daniel Adongo, mwanaraga aliyekuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, kwa hiyo wapo waliokuwa wakiifuatilia timu hiyo hata Nairobi. Walichokiona kwa Richardson kilikuwa wastani wa yadi 2.9 kila alipobeba mpira. Na mwaka 1989 Minnesota Vikings, wakiamini kwamba Herschel Walker pekee ndiye aliyewazuilia ubingwa, waliipa Dallas Cowboys rundo la wachezaji na nafasi za drafti. Dallas wakazigeuza nafasi hizo kuwa timu iliyotwaa Super Bowl tatu katika misimu minne. Mmoja wa waliochukuliwa kwa msaada wa nafasi hizo alikuwa Emmitt Smith, wa 17 mwaka 1990, mbeba mpira mwenye yadi nyingi kuliko wote waliowahi kucheza ligi hii: 18,355.

Fedha nazo zina neno lake. Tangu mkataba wa pamoja wa mwaka 2011, malipo ya mchezaji mpya hupangwa kwa namba aliyochaguliwa, bila kujali anacheza wapi. Barkley, kwa kuwa wa pili, alipata takribani dola milioni 31 kwa miaka minne. Mwaka huohuo kotabeki Matt Ryan wa Atlanta alisaini mkataba wa dola milioni 30 kwa kila mwaka. Ukipata kotabeki imara kwa nafasi ya pili umepata kwa milioni 31 huduma ambayo sokoni ingekugharimu zaidi ya mara tatu, na fedha zinazobaki, chini ya kikomo cha mishahara, zinajenga ukuta na safu ya ulinzi. Ukimchukua mbeba mpira, tangu siku ya kwanza unamlipa karibu sawa na wabeba mpira wakubwa wa ligi. Huna akiba uliyoipata.

Klabu zimeisoma hesabu hiyo. Mwaka 2013 raundi ya kwanza ilipita bila mbeba mpira hata mmoja, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa takribani nusu karne. Ikawa hivyo tena 2014, 2022 na 2024. Mara ya mwisho mbeba mpira kuchaguliwa wa kwanza kabisa ilikuwa 1995, Ki-Jana Carter, aliyeumia goti kabla hata msimu wake wa kwanza haujaanza.

Lakini kanuni yangu ina upande wa pili, na upande huo ndio unaonifanya nisikubali kauli kwamba mbeba mpira asichaguliwe mapema kamwe. Zipo klabu ambazo hujikuta juu kwenye foleni bila kuwa maskini. Detroit Lions wa 2023 walikuwa na nafasi ya 6 kwa sababu Rams waliwapa walipomnunua kotabeki Matthew Stafford. Wenyewe walikuwa wameshinda mechi 9 kati ya 17. Ukuta wao ulikuwa na Penei Sewell, Frank Ragnow na Taylor Decker, wote watatu wa raundi ya kwanza. Wakashuka kutoka ya 6 hadi ya 12, wakalipwa nafasi nyingine kwa kushuka huko, wakamchukua Jahmyr Gibbs, kisha kwa nafasi ya 34 waliyoipata katika biashara hiyo wakamchukua Sam LaPorta. Wengi waliwacheka usiku ule. Msimu wa 2023 walifika mlangoni mwa Super Bowl, na 2024 walishinda mechi 15 kati ya 17, Gibbs akifunga mara 16 kwa kukimbia.

Drafti hiyohiyo, nafasi nne mbele ya Gibbs, Atlanta Falcons walimchukua Bijan Robinson. Ni mchezaji wa kuvutia kumtazama. Kwa jicho langu hana wa kumzidi kwa wepesi wa kugeuka. Falcons walikuwa wameshinda mechi 7 kabla hajaja, wakashinda 7 alipokuja, na 8 mwaka uliofuata. Aliyechaguliwa mara tu baada yake alikuwa Jalen Carter, beki wa kati, na waliomchukua walikuwa Eagles. Carter ni miongoni mwa waliomwangamiza Patrick Mahomes, kotabeki wa Chiefs, katika ile fainali ya 2025. Eagles walichagua beki mapema, walichagua mwanaraga raundi ya saba, na mbeba mpira walimnunua akiwa ameiva, kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75.

Dallas pia mwaka 2016 walimchukua Ezekiel Elliott wa 4, naye akaongoza ligi kwa yadi 1,631, timu ikashinda mechi 13. Walishika nafasi hiyo ya juu kwa sababu kotabeki wao, Tony Romo, aliumia mwaka uliotangulia, si kwa sababu timu ilikuwa mbovu. Ukuta wao ulikuwa na watu watatu wa raundi ya kwanza. Hata hivyo nikiwa mkweli, ukuta uleule mwaka 2014 ulimpa DeMarco Murray, aliyechaguliwa wa 71, yadi 1,845. Murray alipohamia Philadelphia mwaka uliofuata alipata 702. Barkley mwenyewe ameonja hali hiyo: msimu wa 2025, ukuta wa Eagles ulipopata majeraha, yadi zake zilishuka sana.

Na Las Vegas Raiders hawakujifunza. Mwaka 2025 walimchukua Ashton Jeanty wa 6. Alikuwa ametoka kukimbia yadi 2,601 kwa msimu mmoja akiwa Boise State, pungufu ya rekodi ya vyuo ya Barry Sanders kwa yadi 27 tu. Raiders walishinda mechi 3, na kijana huyo alitumia msimu wake wa kwanza akikutana na mabeki kabla hajauona hata mstari wa kuanzia. Inaniuma kuandika hivyo, kwa sababu kila pigo alilopokea linapunguza kitu ambacho hakirudi.

Mjadala wa drafti umejaa maslahi ya klabu, na mtu aliyebeba mpira anasahaulika ndani yake. Wapo mameneja wanaosema, na kwa hesabu hawajakosea, kwamba mbeba mpira achukuliwe mapema hasa kwa sababu miaka yake mizuri huangukia ndani ya mkataba wa kwanza: miaka minne, na kwa wa raundi ya kwanza klabu ina haki ya kuongeza wa tano. Mtumie hadi achakae, kisha umwache. Todd Gurley, wa 10 mwaka 2015, alikuwa mchezaji bora wa mashambulizi mwaka 2017, akapewa mkataba mnono 2018, na Machi 2020 Rams wakamwacha akiwa na miaka 25, goti likimsumbua. Machi 2023 Giants walimpa kotabeki Daniel Jones dola milioni 160, na siku hiyohiyo wakamfunga Barkley kwa mwaka mmoja zaidi kwa dola milioni 10.091, kwa kutumia kanuni inayoiruhusu klabu kumzuia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Julai mwaka huo wabeba mpira wa ligi, wakiongozwa na Austin Ekeler, walikutana kwa simu ya video kujadili hali yao. Hawakuwa na silaha. Kugoma kungewapotezea mwaka, na mwaka mmoja kwao ni mkubwa mno.

Ningekuwa na sauti katika chumba cha klabu iliyoshika mkia, ningesema jina la mbeba mpira lisiwekwe ubaoni hadi watu watatu wa ukuta wawe wamepatikana na kotabeki ajulikane. Akibaki hadi raundi ya pili, achukuliwe kwa mikono miwili. Asipobaki, yuko Kenneth Walker mwingine mahali fulani. Ningeshauri pia nafasi hiyo ya juu iuzwe, kama Lions walivyofanya, kwa yeyote mwenye nyumba iliyokamilika anayemtaka kijana huyo, kwa sababu huko ndiko ataheshimiwa na mwili wake utadumu.

Na upande wa wachezaji, ningetaka mkataba wa kwanza wa mbeba mpira uwe wa miaka mitatu, ili afike sokoni akiwa na miaka 24, kabla magoti hayajaanza kumdai. Mkataba wa pamoja wa sasa kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, uliopitishwa 2020, unaendelea hadi mwisho wa msimu wa 2030. Katika kikao kitakachofuata, makotabeki na wale wanaume wa ukuta ndio watakaokuwa na kura nyingi na subira ndefu. Mailata na wenzake wanajua vizuri kuliko yeyote ni nani hupigwa mara tatu na mabeki kabla hajalala chini, na ningependa waanze kulisema hilo sasa.